Kiongozi akivunja masharti ya Korona aliyoyaweka mwenyewe, je, faini inatosha?

Mkazi wa Tabata (mwenye mada)

Ndugu zangu, naomba tujadili jambo ambalo kila likitajwa vijiweni huishia kwenye vicheko, ilhali mimi naona ni zito. Katika miaka ya 2020 na 2021 serikali nyingi ziliwafungia raia wake ndani, zikapanga idadi ya watu wa kuzika, zikawatoza faini waliokaidi. Kisha ikabainika kwamba baadhi ya waliotunga masharti hayo hawakuyafuata. Aprili 2022 polisi wa London walimtoza faini Waziri Mkuu wa Uingereza wa wakati huo, Boris Johnson, pamoja na mkewe na Rishi Sunak aliyekuwa Waziri wa Fedha, kwa mkusanyiko wa siku ya kuzaliwa ya Johnson uliofanyika Juni 2020 ofisini kwake. Kwa jumla zilitolewa faini 126 kwa watu 83. Hafla nyingine zilifanyika usiku wa kuamkia mazishi ya Mwanamfalme Philip, Aprili 2021, na kesho yake dunia ikamwona Malkia Elizabeth ameketi peke yake kanisani, amevaa barakoa nyeusi, akimuaga mume aliyeishi naye kwa miaka 73.

Kwa jirani zetu, Julai 2020 polisi wa Nairobi walimkuta Seneta Johnson Sakaja kwenye baa baada ya saa za kutotoka nje, naye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya Seneti iliyoshughulikia Korona. Alikiri kosa, akalipa faini ya shilingi 15,000 za Kenya, akaacha uenyekiti. Agosti 2022 wakazi wa Nairobi walimchagua kuwa gavana.

Msimamo wangu ni kwamba kiongozi wa namna hiyo aondoke, tena bila kusubiri kusukumwa, kama alivyofanya Catherine Calderwood, mganga mkuu wa serikali ya Uskoti, aliyejiuzulu Aprili 2020 baada ya kugundulika kwamba alikwenda mara mbili kwenye nyumba yake ya mapumziko wakati akiwahimiza wengine wabaki majumbani. Mtu aliyekubali mama yake afe bila kumshika mkono alikubali kwa sababu aliamini kwamba wote wameubeba mzigo uleule. Akigundua kwamba aliyemwamuru hakuubeba, ule utii wake unageuka kuwa jeraha, na faini haiponyi jeraha hilo. Niongeze kwamba sisi Watanzania tuna haki ndogo ya kuwanyooshea vidole wenzetu, kwa kuwa hatukufungiwa ndani na hatuujui uchungu wa kutii amri ngumu.

Mama wa Temeke

Kaka wa Tabata, mengine yote ningeyapita kimya, lakini sentensi yako ya mwisho imenichoma. Mei 2020 Kenya ilipofunga mpaka wake na Tanzania, wakaruhusiwa kupita wenye mizigo tu, dada yangu alikuwa mgonjwa Mombasa, na hakumaliza mwezi ule. Nilimsomea hitima hapa Temeke, uani kwangu, pamoja na majirani, huku wanawe nikiwasikia kwenye simu. Hakuna aliyenifungia ndani, hilo ni kweli. Hata hivyo nilitii mpaka uliofungwa, na miezi miwili baadaye nikasikia habari ya huyo seneta kwenye baa. Usiniambie kwamba siujui uchungu.

Kondakta wa Mbagala

Mimi nami namjibu mwenye mada katika hilohilo. Hivi ndugu yangu umeisahau amri ya "level siti"? Machi 2020 daladala za jiji hili ziliamriwa zibebe abiria walioketi tu, asisimame hata mmoja. Nauli ilibaki ileile, na hesabu ya tajiri kwenye gari letu ilibaki ileile. Alfajiri pale Rangi Tatu gari lilikuwa likijaa kabla halijasimama sawasawa, vijana wanaingilia madirishani, na mimi nimeuzuia mlango kwa mwili wangu wote huku akina mama wenye ndoo za samaki wakinilaani kwamba nimewaacha. Nikizidisha mmoja, trafiki ananisubiri mbele na faini inatoka kwenye posho yangu. Nikitii, jioni hesabu haitimii, na tajiri ananiambia gari nimpe mwingine. Hiyo ni amri ngumu, na sisi tuliitii, wakati wakubwa wenye magari yao ya vioo vyeusi walikuwa wakipita pembeni yetu, amri ile isiwaguse popote.

Mwalimu Mstaafu, Ilala

Wanangu, poleni nyote wawili. Naomba hata hivyo tusichanganye mambo. Amri ya kubeba walioketi haikuvunjwa na mkubwa, kwa sababu mkubwa hapandi daladala, na kumlaumu mtu kwa sharti lisilomhusu ni kuongeza hasira juu ya hasira. Swali lililoulizwa ni la kiongozi aliyevunja. Katika hilo mimi sikubaliani na mwenye mada. Erna Solberg, Waziri Mkuu wa Norway, alikusanya jamaa zake 13 kusherehekea miaka yake 60 wakati walioruhusiwa walikuwa 10. Aprili 2021 polisi wakamtoza faini ya krone 20,000, akaomba radhi, akaendelea na kazi, na Septemba mwaka huohuo wapigakura wakamwondoa kwa kura, pamoja na sababu nyingine walizokuwa nazo. Polisi walifanya kazi yao na wapigakura wakafanya yao. Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma, na ikikata hivyo inatosha; tukianza kumfukuza kila aliyeteleza tutabaki na viongozi waoga, wasiothubutu kuweka sharti lolote siku ya maradhi.

Mama wa Temeke

Shikamoo Mwalimu. Huo msumeno unaousema mimi nimeuona Likoni, kule Mombasa, ukikata upande mmoja. Machi 27, 2020, siku ya kwanza ya amri ya kutotoka nje usiku nchini Kenya, watu waliokuwa wakisubiri kivuko wawahi nyumbani kabla ya saa moja walipigwa mabomu ya machozi na virungu, na ilikuwa bado ni alasiri, saa za amri hazijaanza. Mpwa wangu alikuwa kwenye msongamano ule. Siku chache baadaye huko Nairobi mtoto wa miaka 13 aliuawa kwa risasi akiwa kwenye roshani ya kwao wakati polisi wakitekeleza amri hiyohiyo. Yule wa kivukoni hakupewa nafasi ya kukiri kosa mbele ya hakimu akalipa shilingi 15,000. Seneta aliipata. Kwa hiyo unapomwita aliyevunja makusudi "aliyeteleza", Mwalimu wangu, unanikosea.

Msomaji wa Upanga

Mbona mnabishana kana kwamba hakuna aliyewahi kuondoka? Johnson mwenyewe aliondoka kwa sababu ya zile hafla. Phil Hogan, kamishna wa biashara wa Umoja wa Ulaya, alijiuzulu Agosti 2020 kwa chakula cha jioni cha wacheza gofu kule Ireland, watu zaidi ya 80 ukumbini. Hasira ya umma inafanya kazi ikiachiwa.

Wakili, Kinondoni

Kwa Johnson tuseme yaliyotokea. Alilipa faini Aprili 2022 akaendelea kutawala. Alitangaza kung'atuka Julai mwaka huo, baada ya mawaziri wake kumkimbia, na kilichowakimbiza siku zile ni kwamba alimteua Chris Pincher kuwa naibu mnadhimu wa chama ilhali alikwisha kuelezwa malalamiko kuhusu mwenendo wake. Zile hafla zilikuwa zimemdhoofisha, lakini hazikumwangusha peke yake. Zilimfuata baadaye: Juni 2023 kamati ya Bunge iliamua kwamba alilipotosha Bunge kwa makusudi kuhusu hafla hizo, naye alikwisha kujiuzulu ubunge siku chache kabla. Ninalotaka mlione ni kwamba kilichomponza zaidi mbele ya Bunge ni kukana. Laiti angesimama siku ya kwanza akasema ndiyo, tulikusanyika, naamini asingefikishwa kwenye ile kamati.

Msomaji wa Upanga

Aliondoka, hakuondoka? Basi.

Muuguzi, Amana

Naomba niyarudishe mazungumzo kwenye wodi, kwa sababu wengi mnazungumza kana kwamba madhara ya kiongozi kuvunja sharti ni machungu ya moyo tu. Kabla ya hafla hizo kujulikana, Mei 2020, Uingereza ilitikiswa na habari za Dominic Cummings, mshauri mkuu wa Johnson, aliyesafiri na familia yake kutoka London hadi Durham wakati wa zuio, kisha akaeleza kwamba aliendesha gari hadi mji wa Barnard Castle ili ajaribu kama macho yake yanaona vizuri. Hakujiuzulu wakati ule, na Waziri Mkuu alimtetea. Watafiti wa University College London walichapisha Agosti mwaka huo, katika jarida la Lancet, kwamba imani ya watu kwa serikali ilishuka ghafla huko England kuanzia siku zile, wakati Uskoti na Wales, zilizokuwa na serikali zao za kusimamia afya, haikushuka vile. Imani hiyo ndiyo dawa yetu ya kwanza sisi tulio kazini. Mgonjwa asiyeamini anayemwelekeza havai barakoa, haji mapema hospitali, na kilichobaki mnakijua.

Hapa kwetu tuliliona kwa sura nyingine. Julai 28, 2021 Rais Samia alichanjwa hadharani Ikulu, jijini Dar es Salaam, chanjo ya Janssen, kabla ya kuwaomba wananchi wachanjwe. Nilimheshimu sana kwa hilo, kwa kuwa aliutanguliza mkono wake kabla ya mkono wangu. Watu hawakumiminika pamoja na hayo, kwa sababu miezi sita tu nyuma Rais Magufuli, akiwa Chato, alikuwa ameionya Wizara ya Afya isizikimbilie chanjo. Nilikuwa nikimweleza mzee mmoja faida zake, naye ananiuliza kwa utaratibu kabisa, "Binti yangu, nimwamini yupi?"

Mkazi wa Kimara

Nilijua tutafika kwa marehemu. Nawasihi mseme ukweli wote: huyo mnayemtaja hakuwafungia ndani, nyumba za ibada zilibaki wazi, shule zilizofungwa Machi 2020 zilifunguliwa zote kufikia mwisho wa Juni. Hakuwaambia watu wakae ndani kisha yeye akafanya sherehe. Alichokisema ndicho alichokiishi. Katika mada hii ya viongozi wanaovunja masharti yao wenyewe, yeye hayumo, na kumwingiza ni chuki.

Muuguzi, Amana

Sina chuki naye, na kweli hakuvunja sharti alilotuwekea. Ila takwimu zetu zilikoma mwanzoni mwa Mei 2020 zikiwa wagonjwa 509 na vifo 21, na tangu hapo mimi niliyekuwa nikivaa barakoa kazini nilionekana mtaani kama mtu wa kutia hofu. Februari 2021 yeye mwenyewe aliwahimiza waumini kanisani, hapahapa jijini, wavae barakoa zilizotengenezwa nchini. Kauli ile ingetolewa mapema ingenirahisishia kazi yangu kwa kiasi kikubwa.

Mkazi wa Kimara

Barakoa ni hiari ya mtu. Level siti haikuwa hiari. Muulizeni Kondakta.

Kondakta wa Mbagala

Msinitumie katika ugomvi wenu. Nimesoma alichoandika Mwalimu kwamba mkubwa hapandi daladala na kwa hiyo hahusiki, nami nimekaa na maneno hayo tangu asubuhi. Mwalimu, hapo ndipo penye jipu lenyewe. Anayeweka sharti lisilomgusa hahitaji hata kulivunja. Seneta wa Nairobi angalau saa za kutotoka nje zilimhusu, ndiyo maana alikamatwa. Mimi niliwekewa sharti na watu ambao hawajui asubuhi ya Rangi Tatu ikoje, wala hakuna aliyeniuliza nitaitimiza vipi hesabu. Wangeniuliza ningewaambia: ongezeni magari, au punguzeni hesabu, halafu level siti nitailinda mwenyewe bila trafiki.

Mwalimu Mstaafu, Ilala

Marahaba mwanangu, na hoja yako ina uzito. Bado lakini haijibu kama aliyevunja afukuzwe.

Wakili, Kinondoni

Inajibu kwa njia yake, Mwalimu. Johnson alilipa pauni 50, wakati ambapo tangu Agosti 2020 mwandaaji wa mkusanyiko wa watu zaidi ya 30 nchini mwake aliweza kutozwa pauni 10,000. Makosa hayo yanatofautiana kisheria na siyachanganyi. Lakini pauni 50 kwa Waziri Mkuu si adhabu, na shilingi 15,000 kwa seneta si adhabu, ilhali kwa Kondakta faini ya trafiki ni mlo wa familia. Ukisema faini inatosha, sharti la kwanza ni kwamba imuume anayelipa. Kama haimuumi, cheo ndicho pekee alichonacho cha kuuma, na hapo namuunga mkono mwenye mada: akiachie.

Mkazi wa Tabata (mwenye mada)

Nashukuru, Wakili. Ningependa Mwalimu aniambie, iwapo kujiuzulu anakuona ni kukubwa mno, ni adhabu ipi iliyo kati ya pauni 50 na kuondoka madarakani, na nani atakayeitoa, kwa sababu hakimu anafungwa na viwango vya sheria na chama humlinda mtu wake.

Mwalimu Mstaafu, Ilala

Wapigakura, nimeshasema.

Mama wa Temeke

Wapigakura wa Nairobi walimpa ugavana, Mwalimu. Nadhani na hao wa kivukoni wapo waliompigia, kama wamehamia huko kutafuta kazi, kwa kuwa siku ya kura walikuwa na mambo mengine ya kuyapima, bei ya unga na ada za shule. Kura haiwezi kubeba kila kitu. Mimi nataka kabla ya kura pawe na siku moja ambayo kiongozi huyo anasimama mbele ya watu aliowawekea sharti, anawasikiliza wakimweleza kila mmoja alichokiacha kwa ajili ya kulitii, na haruhusiwi kuondoka mpaka wamalize. Mpwa wangu ana ya kumwambia, nami ninayo. Baada ya hapo alipe faini yake.

Kondakta wa Mbagala

Mama, siku hiyo ikipangwa, mimi nitakuja na gari. Wote mtakaa.