Mtoto wa dada kapata surua na Jumamosi alicheza na wanangu, naombeni ushauri wa haraka

mama_wawili: Habari zenu wakuu. Jumamosi jioni dada alikuja kwangu na mwanae, mtoto ana mafua na macho mekundu tukajua ni baridi tu, wakacheza na wangu humo humo sebuleni mpaka usiku. Leo Jumatatu katokwa upele, kapelekwa hospitali wakasema surua. Mkubwa wangu ana miaka 5 kachanjwa, mdogo ana miezi 7 bado hajafikia umri. Shemeji anasema Jumamosi upele ulikuwa haujatoka kwahiyo hakuna aliyeambukizwa, nisikuze mambo. Ni kweli? Na dada kaambiwa amuweke mtoto ndani, kanuna, anaona katengwa kama kakosa.

nesi_mstaafu: Shemeji yako kapotea. Surua inaambukiza tangu siku 4 kabla ya upele hadi siku 4 baada ya upele, yaani ile Jumamosi mtoto alikuwa anaambukiza vizuri tu. Na si lazima kugusana, virusi vinabaki hewani hadi saa 2 baada ya mgonjwa kutoka chumbani, wasio na kinga wakikaa naye 10 basi kama 9 wanaupata. Sasa nisikilize dada, chanjo ikitolewa ndani ya saa 72 tangu mtoto akutane na mgonjwa inaweza kuuzuia au kuupunguza makali, na kuanzia miezi 6 inaruhusiwa kwa hali kama hii. Saa zako zinaisha kesho jioni, nenda LEO. Ila piga simu kwanza, usije ukakaa foleni na vichanga vya watu. Huyo mkubwa alipata dozi ngapi?

mama_wawili: Kadi inaonyesha moja.

nesi_mstaafu: Zinatakiwa mbili, nenda naye. Ya huyo mdogo haihesabiwi, akifika umri anapata zake za kawaida kama wenzake.

Mzee wa Kubisha: Mi haya mambo ya kufungiana ndani siyaelewagi, corona si tulifungiwa na ikaenea dunia nzima??

jirani_mwema: Mzee inategemea ugonjwa unaanza kuambukiza lini. SARS ya 2003, ule ugonjwa wa mapafu wa virusi jamii ya corona, ilishika watu zaidi ya 8,000 na ikazimwa ndani ya miezi michache bila chanjo yoyote, kwa kutenga wagonjwa na kufuatilia waliokutana nao, kwa sababu mtu alikuwa anaambukiza sana akishazidiwa, kwahiyo unamuona unamtenga. COVID mtu anaambukiza akiwa mzima kabisa anacheka na wewe, ukija kumtenga keshagawa. Ndio maana ikabidi barakoa kwa wote na kufunga shughuli, na lengo kubwa lilikuwa wagonjwa wasifurike hospitali siku moja, sio kuumaliza ugonjwa. Kuna sehemu walifunga vibaya hilo nakubali.

Mzee wa Kubisha: Sawa, na surua je? Si nayo inaambukiza kabla haijaonekana

jirani_mwema: Ndio hapo sasa, kutenga peke yake hakutoshi. Mgonjwa mmoja anaweza kuambukiza watu 12 hadi 18 wasio na kinga, kwahiyo inatakiwa kama 95% ya jamii wawe na kinga ndio ikose pa kupita. Hiyo 95% ndio inamlinda kichanga ambaye hajafikia umri wa kuchanjwa.

nesi_mstaafu: Na dada yako mwambie hajaadhibiwa, ni hadi siku 4 baada ya upele tu, akimaliza mtoto anatoka. Aulize pia kuhusu vitamini A, inasaidia sana macho. Wewe wanao wakianza homa na kikohozi ndani ya siku 21 usiwapeleke popote bila kupiga simu.

mama_wawili: Nimepiga, wamesema nije saa 9 nipitie mlango wa pembeni. Asanteni sana 🙏

nesi_mstaafu: Safi. Jumamosi kulikuwa na mjamzito hapo ndani?

mama_wawili: Mungu wangu, wifi, ana miezi minne!

nesi_mstaafu: Mpigie sasa hivi kabla hujatoka. Mjamzito hapewi chanjo ya surua, wampime kinga, kama hana kuna dawa ya kingamwili anaweza kupewa ndani ya siku 6 tangu Jumamosi.