Naomba ushauri: mama anatunza michango ya kikundi kwenye laini yake

Habari zenu wakubwa. Mama yangu ana miaka 68, naishi naye Mbagala. Tangu baba afariki alikuwa mtu wa kukaa barazani tu, mpaka alipojiunga na akina mama wa mtaani wanaochangisha hela za sare na madaftari ya watoto yatima. Amechangamka kweli, hata miguu halalamikii tena. Hapo sina neno.

Shida ni hela. Mweka hazina wao kahamia Morogoro, wakamtwika mama. Sasa michango yote inaingia kwenye laini yake, ile ile anayonunulia umeme. Hesabu zipo kwenye daftari, nyingine kichwani. Juzi nimekuta kaandika "mama wa genge 5,000, bado". Bado nini? Hata yeye hakumbuki. Wiki iliyopita mwenzao kauliza mbele ya watu mbona kuna pungufu ya 40,000. Mama karudi kimya, hakula.

Nikamwambia aachane nao. Akanijibu, "Unataka nirudi barazani nikasubiri kufa?" Nikanywea.

Nafikiria wafungue akaunti ya kikundi yenye watia saini watatu. Aliyewahi kupitia anisaidie: tuanzie kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, au benki moja kwa moja? Na hiyo 40,000 niilipe kimya kimya yaishe, au ndiyo nitakuwa nimekiri kwamba mama kala hela za yatima?