Arusha: Kifusi cha barabara kinamwagwa korongoni, tukiuliza tunaambiwa "kipande ni kifupi"

Wakuu, heshima zenu. Nafungua uzi huu kwa sababu njia nyingine tumekwisha kuzipitia: tumekwenda ofisi ya mtaa, tumekwenda kata, tumeandika barua ikagongwa mhuri wa kupokelewa, na hadi leo hakuna aliyetujibu. Barabara inayojengwa kwetu tunaihitaji na sijasikia mkazi aliyeipinga. Tunachopinga ni namna mkandarasi anavyochimba na mahali anapokwenda kumwaga alichochimba, kana kwamba bondeni hawaishi watu.

Kifusi kinamwagwa usiku kwenye korongo linaloshusha maji hadi Mto Themi. Nimesimama ukingoni nikaona kwa macho yangu vipande vya zege la mtaro wa zamani, lami iliyobanduliwa na visiki vya miti iliyong'olewa, vyote vimesukumwa na katapila mpaka mdomo wa kalavati umebaki uwazi usiotosha kupitisha hata mbuzi. Hatua chache kutoka hapo ndipo wanapobadilishia mitambo oili. Ardhi imekuwa nyeusi, inanata kwenye soli ya kiatu, na mvua kidogo iliyonyesha imeiburuza ile oili hadi kwenye mfereji ambao akina mama wa bondeni wanamwagilia mchicha na sukuma wiki. Mboga hizo haziishii bondeni. Zinapelekwa sokoni, na huenda wewe unayesoma hapa umezila.

Vumbi sina haja ya kulieleza sana kwa mtu wa Arusha. Udongo wetu uliotokana na majivu ya volkano ya Meru ni mwepesi mno, ukichimbwa na kukauka unapaa hata bila upepo wa maana, na tipa zinapita bila turubai. Boza la maji tunaliona siku wakaguzi wanapotarajiwa.

Sasa nije kwenye jibu lililonifanya niandike. Tulipoomba kuona mpango wa usimamizi wa mazingira wa kazi hii, msimamizi mmoja wa eneo la ujenzi alituambia kwamba kipande hiki ni kifupi, ni mwendelezo tu wa kazi nyingine, kwa hiyo hakina haja ya kufanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira. Jibu hilo si geni duniani. Jiji la Madrid, kule Hispania, lilipoamua kuifukia chini ya ardhi sehemu kubwa ya barabara yake ya mzunguko ya M-30, kwenye kingo za Mto Manzanares, liliugawa mradi vipande vipande na kila kipande kikaidhinishwa peke yake. Wanamazingira walikwenda mahakamani, shauri likafika Mahakama ya Haki ya Ulaya, na Julai 2008 mahakama hiyo ikasema wazi kwamba mradi haukwepi tathmini kwa kukatwakatwa, kwa sababu athari za vipande vyote lazima zipimwe kwa pamoja. Linaloniuma katika kisa hicho ni kwamba uamuzi ulitoka mahandaki yakiwa yamekwisha kufunguliwa kwa magari tangu 2007. Walioishi na mitambo chini ya madirisha yao walipewa haki yao kazi ikiwa imekwisha, na huko ndiko tunakopelekwa sisi.

Wapo pia wanaotuambia humu mitaani kwamba maendeleo hayaji bila usumbufu, hivyo tuvumilie. Ndugu zangu, wenzetu wa Boston, Marekani, walichimba barabara kuu chini ya katikati ya jiji kuanzia 1991, huku ofisi, maduka na makazi yakiendelea juu yake. Udongo ulioondolewa ulikaribia mita za ujazo milioni 12. Sehemu yake ilipelekwa kwenye Kisiwa cha Spectacle, ambacho kwa miaka mingi kilikuwa dampo linalovujisha uchafu baharini; dampo likafunikwa, likapandwa miti, na 2006 wananchi wakafunguliwa bustani. Mradi ule ulikuwa na aibu zake, na mwaka huohuo vibao vya dari ya handaki vilianguka vikaua mtu, kwa hiyo siusifu kwa kila kitu. Ila suala la kifusi kiende wapi lilikuwa na jibu. Sisi tuna kilomita chache za barabara ya juu ya ardhi, hakuna handaki, hakuna bahari, na jibu tulilopewa ni korongo.

Sheria haituachi mikono mitupu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Mkulima wa bondeni akisogeza tuta la mboga ndani ya mita hizo anafuatwa na kuamriwa ang'oe. Mkandarasi anashusha malori ya kifusi humohumo na hakuna anayemgusa. Hilo ndilo linalonikasirisha kuliko vumbi na oili.

Masika yanaanza Machi. Kalavati likiziba kabisa, maji yatatafuta njia kwenye nyumba za watu, na tope litakalopita litashuka na Themi hadi Kikuletwa na bwawa la Nyumba ya Mungu, ambako wavuvi hawajui lolote kuhusu barabara yetu. Kwa hiyo tunataka kifusi chote kiondolewe korongoni kabla ya mvua, kwa gharama ya aliyekimwaga, na eneo halali la kumwagia litangazwe kwa wakazi. Tunataka nakala ya mpango wa mazingira ibandikwe ofisi ya mtaa mahali ambapo mtu yeyote anaweza kuisoma.

Kwa mnaokaa kando ya korongo: pigeni picha zenye tarehe, hasa usiku tipa zinaposhusha, na mzihifadhi. Mwenye uzoefu wa kufikisha malalamiko ya namna hii hadi kwa mkaguzi wa mazingira, atuandikie hapa chini hatua alizopitia na karatasi alizodaiwa.