Tupeane uzoefu: nani amewahi kumchora Godzilla au King Kong akiwa mpole, mwenye utu?

Wakuu, habari za jioni. Nipo Moshi, Majengo. Nachora yale madude ya muvi, ila nayapa utu: yanavaa, yanapika, yanabeba watoto mgongoni.

Chanzo ni mwanangu. Alimwona Godzilla kwenye kibanda umiza, ana miaka sita, usiku usingizi ukakata. Nikamchorea Godzilla amekaa chini ya mgomba na shati la kitenge, anamenya ndizi za mtori. Mikono mikubwa, kisu kidogo. Mtoto akatazama weee, akauliza, "Baba, hatajikata?" Tangu siku hiyo anamwonea huruma.

Mwanzo nilikosea, nilimlainisha ngozi akawa kama mwanasesere. Hakuwa Godzilla tena. Muvi yake ya kwanza ilitoka 1954, mwaka uleule wavuvi wa Japani walipoangukiwa na majivu ya bomu la majaribio la Marekani kule kisiwa cha Bikini, Pasifiki, na ndani ya hadithi mabomu ndiyo yaliyomtoa baharini. Huyu kaumizwa. Sasa magamba na makovu nayaacha yote, upole nauweka machoni na mabegani. Wenzangu mnafanyaje?

Fundi Cherehani, Kijenge, Arusha
Mimi ni Mothra tu, yule nondo mkubwa wa 1961. Naumia watu wakimwita zimwi. Walikwenda kisiwani kwake wakaiba wasichana wawili wadogo wadogo, akawafuata. Mama gani angekaa? Namchora mtu mzima, mnene kidogo, mabawa yake ni kanga: pindo pembeni, mji katikati, jina "Nani kama mama". Hiyo kanga ninayo, niliitandaza mezani nikaiga maua yake moja moja. Bawa la kushoto pekee lilinichukua wiki mbili, na bado naliona halijatulia.

Mchora Mabango
Vijana, mimi naanzia mkono. Kiganja kikiwa wazi, kimeelekea juu, hata meno ukiyaacha nje mtu hatishiki. Kong wa 1933 alikuwa mdoli wa kama sentimita 45, mafundi wakimsogeza kidogo, wanapiga picha, wanamsogeza tena. Ukitazama vizuri manyoya yake yanachezacheza: ni vidole vyao vilivyokuwa vikiyagusa. Mimi hapo ndipo ninapompendea. Wangu nimemchora amemshikia bibi kizee ndoo ya maji, amechuchumaa ili walingane.

Wa Kiboriloni
Shikamoo mzee. Mimi ni King Ghidorah, lile joka la kwenye muvi za Godzilla. Vichwa vitatu, ndugu watatu, chapati moja.

Mkwe wa Machame
Mama mkwe aliona michoro yangu ukutani akauliza kwa nini napamba nyumba kwa mashetani. Sikubishana naye. Nilimwomba anisimulie tena ya Kibo na Mawenzi, vile vilele viwili vya Kilimanjaro, jinsi Mawenzi alivyokuwa akienda kuomba moto kwa mwenzake, moto unazimika, anarudi, hadi Kibo akachoka akamtandika kwa mchi. Ndiyo maana kilele chake kimechongokachongoka. Akasimulia yote, na sauti zao akaziiga. Nikamwambia, mama, Kibo ana mita 5,895 na mmempa jiko na mchi, mimi nimempa Godzilla shati. Akacheka, akanyamaza, kisha akaniuliza kama huyo wangu ana mke. Mchoro ninaoufanya sasa ni Mawenzi mwenyewe, kajifunga bandeji kichwani, kashika kijinga cha moto. Sijui nimpe macho ya hasira au ya aibu.

Mwanzisha uzi
Marahaba za mzee nazipokea kwa niaba ya wote. Mkwe, mpe ya aibu, kashapigwa. Nimejaribu ushauri wa kiganja usiku huu, nikamwekea Godzilla kifaranga kiganjani, na ukubwa wake ukaonekana kuliko nilipokuwa namchorea maghorofa. Fundi Cherehani, dada yangu, ukimaliza bawa la kulia naomba utume picha kubwa. Kuna steshenari hapa mjini wanaprinti A3, na mwanangu ameshaonyesha pa kumbandika, juu ya kitanda, upande wa dirishani.