Kampuni za Nepal acheni kuwabebesha wapagazi mizigo ya watu wawili kwa kisingizio cha "njia fupi"

Wakuu, nina hasira na leo sifichi. Nimerudi kutoka Nepal, njia ya Ghorepani na Poon Hill, ile inayouzwa kila kona ya mji wa Pokhara kama matembezi ya siku chache ya kumfaa kila mtu. Na milima yenyewe sina ugomvi. Alfajiri pale Poon Hill, mita 3,210, unaiona Dhaulagiri ya mita 8,167, ukigeuka unakutana na Annapurna Kusini na Machhapuchhre, yote imeshika rangi ya jua. Ugomvi wangu ni na kampuni iliyotupeleka, na walivyomfanyia kijana aliyebeba mabegi yetu.

Wageni wawili, mpagazi mmoja. Ndiyo hesabu yao, na wanaiandika kwenye ratiba bila haya. Mabegi mawili makubwa yanafungwa pamoja kwa kamba, juu yake mpagazi anapachika kifurushi chake, halafu mzigo wote unashikiliwa na namlo, ule mkanda unaopita kwenye paji la uso. Hakuna aliyepima. Mimi ni mtu wa Moshi, nimefanya kazi na wagumu, yaani wapagazi wa Kilimanjaro, miaka mingi, begi la kilo 20 nalijua kwa kulinyanyua tu. Mzigo ule ulikuwa umezipita kilo 20 kwa mbali.

Sasa kati ya vijiji vya Tikhedhunga na Ulleri kuna ngazi za mawe zaidi ya 3,000. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, mawe yanateleza, na kijana amevaa kandambili. Nyumbu wanaobeba mitungi ya gesi na mchele hupita humo humo, unasikia kengele kabla hujawaona, na sisi wageni tunajibanza upande wa mlima kama tulivyoelekezwa. Yeye angejibanza vipi? Shingo imekazwa na mkanda, macho yanaona vidole vyake vya miguu tu. Nyumbu mmoja alimpiga kikumbo, akayumba, akadaka ukingo wa ngazi kwa mkono na kubaki amechuchumaa hivyo hivyo na mzigo wake mpaka wa mwisho apite. Mwongozaji wetu hakugeuka hata kumtazama.

Na siku hizi gari linafika Ulleri! Sisi tungepanda kwa miguu, mabegi yangetangulia na gari, tungeyakuta juu. Kampuni ikaona bora iokoe nauli ya gari, maana mgongo wa mtu tayari ilishaulipia.

Nilipomuuliza mwenye kampuni tuliporudi Pokhara, akanijibu kwamba hii ni njia fupi na nyepesi, kwani tulikwenda Everest? Hilo jibu ndilo limenifanya niandike. Ni kweli Ghorepani iko mita 2,860, juu kidogo tu ya kambi ya Mandara kwetu Kilimanjaro, na Poon Hill haifiki hata kambi ya Horombo. Lakini njia ni fupi kwa nani? Mimi nikishuka kijiji cha Ghandruk nimemaliza, narudi nyumbani. Yule kijana anatua mabegi yangu, kesho yake anabeba ya wageni wengine kwenye ngazi zile zile, na hivyo hivyo msimu mzima. Magoti yake hayajui kama ratiba yangu ilikuwa ya siku chache.

Usiku Ghorepani ni baridi ya kutetemesha. Yeye alilala kwenye mabenchi ya chumba cha kulia, baada ya wageni wote kwenda vyumbani, na kijaketi ambacho kwetu huwezi kumpitisha nacho mgumu kwenye geti la Kilimanjaro. Watu wa kule wanajua hali ya hewa inavyoweza kugeuka. Oktoba 2014 dhoruba ya theluji iliua watu zaidi ya 40 upande wa kivuko cha mlimani cha Thorong La na milima ya jirani, wakiwemo Wanepali waliokuwa kazini na wageni wao.

Bodi ya Utalii ya Nepal ilitangaza kwamba kuanzia Aprili 2023 mgeni asitembee njia hizi bila mwongozaji mwenye leseni. Sawa, ajira kwa wenyeji, naunga mkono. Lakini basi hela yangu inapita kwa kampuni nitake nisitake, na kampuni iwajibike. Pale kituo cha ukaguzi cha Birethanti walikagua kibali changu cha hifadhi ya Annapurna, rupia 3,000, wakagonga muhuri. Mzani sikuuona. Mabegi yalipita mbele ya dirisha lao na hakuna aliyeuliza yana kilo ngapi.

Kilimanjaro mzani upo getini na ukomo wa mzigo ni kilo 20, ukizidi unapunguza au unaongeza mtu. Haukuja wenyewe. Wagumu walipiga kelele, KPAP, shirika la kutetea wapagazi wa Kilimanjaro lililoanza 2003, wanafuatilia kampuni, na bado kuna wajanja wanaokata watu posho na kula tipu zao. Hatujamaliza kwetu. Ila kwa suala la mzani, Nepal yenye wapagazi wengi kutuzidi haina cha kujitetea.

Kwa hiyo mnaopanga kwenda: kabla hamjalipa hata senti, waambieni wawaandikie mpagazi anabeba kilo ngapi, ana bima, ana viatu, analala wapi. Wakizunguka zunguka, ondokeni. Na mwenye kuijua kampuni ya Pokhara inayopima mizigo mbele ya mteja ailete hapa, tuwape hao hela zetu.