Mrejesho: Rimu za mtumba kwenye IST zimekaa

Wakuu, niliuliza hapa kama rimu za inchi 15 za mtumba, zisizo na maandishi yoyote ya vipimo nyuma, zitaingia kwenye Toyota IST ya kwanza. Mkaniambia nipime kabla ya kulipa. Nimepima, nimenunua, zimefungwa.

Matundu manne ya nati ni rahisi. Mdau aliyesema niweke rula ukingo wa nje wa tundu moja hadi ukingo wa ndani wa lile linalolitazama, ubarikiwe. Ilisoma milimita 100 kamili, sawa na IST. Ingekuwa 114.3 ningeziacha palepale, muuzaji apige maneno atakavyo.

Kazi ilikuwa ofseti, yaani umbali kutoka katikati ya upana wa rimu hadi pale inapofungwa kwenye gari. Nililaza rimu kifudifudi, nikapitisha ubao mnyoofu juu ya kingo, nikapima kushuka hadi pale inapokutana na habu (kitovu cha gari kinachobeba rimu): milimita 139. Upana wote, kingo zikiwemo, 203. Nusu yake 101.5. Toa kwenye 139, unabaki na kama 38, ndiyo ofseti. Kwa 7J (upana wa inchi 7 bila kingo) inatoka nje kidogo kuliko za kiwandani, ila fenda haiguswi, na upande wa shokapu kidole kinapita.

Tundu la kati ni 73.1, habu ya IST ni 54.1, kwa hiyo nilitafuta ringi za kuziba nafasi hiyo. Fundi alisema nati zinatosha. Nilizivalisha hata hivyo, na usukani hautetemeki barabara kuu.

Aliyeuliza matairi: 195/60, badala ya 185/65. Kipenyo kinapungua milimita 6 na ushee tu.