Mrejesho: binti wa miaka 9, kilo 48

Wakuu, niliuliza kama binti yangu aanze dayati. Jibu: hapana. Kliniki walimpima urefu, wakasoma chati ya umri na jinsia yake (ile ya watu wazima haimhusu mtoto), wakasema tusimkondeshe kwa pupa. Aendelee kurefuka, uzito ubaki palepale. Kilichotuponza ni soda na chipsi mayai za kila jioni, nilizonunua mimi mwenyewe kwa uvivu wa kupika. Soda ya mililita 300 inakaribia vijiko 8 vya chai vya sukari, jamani! Sasa ni maji, ugali na mchicha, na dakika 60 za rede uani. Miezi 4 imepita: kilo 48 zilezile, kaongeza sentimita 2. Bibi yake bado anamfichia maandazi.